Residensi ya fizio ya neva Marekani si lazima

Kuna hii imani imekaa miaka mingi kwamba Marekani fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, hawezi kumgusa mgonjwa wa stroke au Parkinson mpaka amalize residensi, yale mafunzo ya kazini baada ya digrii, eti kama madaktari tu. Hapana jamani, sio hivyo. Daktari kule ndio hana njia, lazima apite residensi ndo apate leseni kamili, lakini fizio akishamaliza digrii yake ya DPT (shahada ya udaktari ya fizio), ambayo kwa kawaida ni miaka 3, akafaulu mtihani wa taifa unaoitwa NPTE na jimbo likampa leseni, basi anatibu, na hao wa stroke wamo.

Residensi ya neva, yaani ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, ni hiari, mara nyingi inachukua kama mwaka mmoja, na anayeingia tayari ana leseni, analipwa mshahara ingawa kawaida ni mdogo kuliko wa wenzake walioajiriwa moja kwa moja. Anachopata ni mtu mzoefu wa kumsimamia kwa karibu, wagonjwa wa aina nyingi, uti wa mgongo, ubongo uliopata ajali, MS (ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo), na kwa kweli hicho ni kitu kikubwa, mimi naiheshimu sana hiyo njia.

Hata cheo cha ubingwa, ile NCS ya fizio bingwa wa neva, hakidai residensi, unaweza kufika kwenye mtihani wake kwa kuwa na masaa 2,000 ya kutibu wagonjwa wa neva. Kwahiyo wadogo zetu mnaosomea fizio, msikate tamaa kwa sababu ya hilo.