Nafuu na kupona

Nimesikia tena, na hii ni mara ya tatu, kwamba watu wenye anoreksia sugu "wanapona kwa upasuaji wa ubongo". Anoreksia ni maradhi ya akili: mtu anaogopa kunenepa, anajinyima chakula hadi mwili unakwisha. Upasuaji wenyewe ni wa kupitisha elektrodi nyembamba kwenye fuvu hadi ndani ya ubongo na kuziunganisha na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua, inayotoa umeme mdogo mfululizo. Hufanyiwa wachache, walioshindikana kwa tiba nyingine. Linaloniuma ni hilo neno "wanapona".

Kiswahili kina maneno mawili hapa. Nafuu tumelitoa Kiarabu, ukoo mmoja na manufaa. Ndiyo maana sokoni tunasema bei nafuu: pesa bado unatoa, ila mfuko unapumua. Mwenye nafuu naye maradhi bado yanamdai, yamelegeza kidogo tu. Shangazi akitoka wodini na chupa ya uji mkononi, ukamuuliza mgonjwa anaendeleaje, atakujibu, "Ana nafuu, leo kanywa nusu kikombe." Hakuna atakayesikia hivyo akakimbilia kufungasha vitu vya mgonjwa. Vitu vinafungwa akipona. Hata aliyetoka mzima kwenye ajali tunasema kapona, maana hatari imebaki nyuma yake.

Sasa tazama matokeo yenyewe. Mwaka 2017 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha habari za wanawake 16 waliokuwa wameugua kwa wastani wa miaka 18. Baada ya mwaka mmoja wa umeme huo, wastani wa BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ulipanda kutoka 13.8 hadi 17.3. Uzito wa afya unaanzia 18.5. Wawili kati yao waliomba kifaa kitolewe au kizimwe. Huzuni na wasiwasi vilianza kupungua kabla uzito haujapanda, na mimi hapo ndipo ninapopatazama zaidi: aliyeishi miaka 18 akiihofia sahani, kupunguziwa hofu ni jambo kubwa mno. Lakini ni nafuu. Tena mwaka mmoja, mbele ya maradhi ya miaka 18, bado ni mapema kuuita muda mrefu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkizisimulia habari hizi semeni "wengine wamepata nafuu". Na mama mwenye binti mgonjwa akikuuliza, mpe neno hilohilo, ili ajue kwamba hata baada ya upasuaji bado ataketi na mwanawe mezani, mlo kwa mlo.