Kariakoo: mwavuli wa Amuli na viwanja vya vyumba sita

Mteja akinipigia simu kuhusu kiwanja cha Kariakoo, swali huwa lile lile: "Msanifu, hapo zitatoka fremu ngapi?" Dirisha hana habari nalo, choo atauliza baadaye. Simlaumu. Fremu moja ya duka inayotazama Mtaa wa Kongo inaweza kulisha ukoo. Ila kumjibu inanibidi nirudi nyuma kidogo.

Jina lenyewe ni la vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa kambi hapa. Ulimi wa mjini ukalitengeneza likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Wajerumani walikuwa wamekwisha litenga eneo hili liwe makazi ya Waafrika, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, mbali na Uzunguni na Uhindini. Mitaa ikanyooshwa, viwanja vikakatwa vidogo vidogo, na juu ya kila kimoja ikasimama nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani jiko na choo.

Nyumba zile karibu zote zimevunjwa. Viwanja vimebaki. Ghorofa unazoziona leo zimepandishwa juu ya mipaka ile ile ya vyumba sita, ndiyo maana zimebanana bega kwa bega na ngazi zake ni za kupishana kwa ubavu. Lori likisimama Narung'ombe kushusha mzigo, mtaa mzima umefungwa. Kuli anajipenyeza na robota begani, "Mzigo! Mzigo!", na mama aliyetoka Lubumbashi kununua vitenge anajibandika ukutani ampishe.

Katikati ya msongamano huo kuna jengo moja ambalo halikuchorwa kwa hesabu ya fremu. Soko kuu ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa, na lilifunguliwa mwaka 1975. Watu wanalipita miaka nenda rudi bila kuinua macho. Siku moja inua. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduka, kama mwavuli wako ulivyogeuzwa na upepo wa kusi pale Feri. Mvua ikinyesha, maji hayamwagikii wapita njia. Yanakimbilia katikati ya kila mwavuli, yanashuka, yanakwenda kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya ardhi. Soko la samaki na mboga linahitaji maji ya kuoshea kila siku, na Amuli aliyatafuta juu.

Na zege lile si nene hivyo. Shika karatasi kwa ncha moja, italegea. Ipinde kidogo, inasimama yenyewe. Nguvu ya paa lile iko kwenye mpindo wake. Halafu limeinuliwa juu sana, hewa ya moto ipande na kutokea pembeni, watu wabaki kivulini kama chini ya mwembe. Chini kabisa, shimoni, ndiko biashara ya jumla ilikokuwa ikianza alfajiri, rejareja juu. Kwangu mimi hakuna jengo la biashara Dar lililofikiriwa vizuri kuliko hili, na nasema hivyo nikiwa nimechora kadhaa.

Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua. Wafanyabiashara walipoteza mali nyingi mno. Jengo halikubomolewa; lilikarabatiwa, na pembeni, palipokuwa soko dogo, likajengwa jipya la ghorofa.

Kinachoninyima usingizi ni majirani zake. Novemba 16, 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka asubuhi, watu zaidi ya 20 wakafa. Kiwanja kikishajaa upana na kimo, mwenye nyumba hubakiwa na upande mmoja tu wa kuongeza fremu: chini. Lakini kuchimba chini ya jengo lililokwisha simama ni kugusa udongo unaoshikilia nguzo, na nguzo za jirani pia, maana kati yenu hakuna hata dhiraa moja.

Nimeshaombwa kazi hiyo mara mbili. Wa pili aliniwekea chai, akafunua ramani mezani, akasema ni futi nane tu, mwanangu, futi nane. Nikamwambia tuanze kwa kupima udongo. Hakupiga tena simu.