Upasuaji wa kupunguza uzito na kisukari: kwa nini sukari hushuka

Upasuaji wa kupunguza uzito ni operesheni ya kubadilisha tumbo la chakula, na mara nyingine utumbo pia, ili mtu ashibe kwa chakula kidogo na uzito wake upungue. Kwa mwenye kisukari, operesheni hii hufanya jambo kubwa zaidi ya kupunguza kilo. Hapa Lamu utaisikia barazani ikielezwa kwa kifupi: ukikatwa tumbo, sukari inaondoka. Ndani ya maneno hayo mna ukweli mwingi, ila yameacha sehemu ambayo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuijua mapema.

Mbinu zinazotumika sana ni mbili. Katika ya kwanza, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya tumbo, likabaki kama mrija mwembamba. Katika ya pili, tumbo hugawanywa, juu kikabaki kifuko kidogo kinachobeba mililita 30 hivi, nacho huunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo. Chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo.

Kinachoshangaza ni kwamba sukari huanza kushuka kabla mwili haujapungua. Mwaka 1995, Walter Pories, daktari wa upasuaji wa Marekani, alichapisha habari za wagonjwa wake wa miaka mingi na kusema wazi kuwa wengi wao sukari ilirudi kawaida, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Mtu aliyelazwa akiwa mnene anatoka akiwa bado mnene, lakini dawa zake za sukari zimepunguzwa.

Sababu yake si moja. Siku za kwanza mgonjwa hula kidogo mno, na ini lililojaa mafuta huyachoma mafuta yale upesi. Ini likipungua mafuta huanza tena kuitii insulini, homoni ya kushusha sukari, na kuacha kumwaga sukari ovyo kwenye damu. Halafu chakula hufika utumbo wa chini haraka kuliko zamani, na utumbo huo hutoa kwa wingi homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii huliambia kongosho litoe insulini wakati wa chakula, na huuambia ubongo kwamba umeshiba. Anayekatwa tumbo kwa mbinu ya kwanza hupoteza pia sehemu inayotengeneza homoni ya njaa. Baadaye, kilo zikianza kuondoka, misuli nayo huipokea insulini vizuri zaidi.

Je, huko ni kupona? Madaktari husema kisukari kimetulia pale kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kinapokuwa chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa. Kutulia huku kunaweza kuvunjika. Uchunguzi mkubwa wa Sweden uliofuatilia watu kwa miaka mingi ulikuta kwamba, baada ya miaka 2, wagonjwa 72 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji walikuwa wametulia. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki 36. Mimi sioni kwamba hao wengine walipoteza kitu. Katika uchunguzi huohuo, waliopasuliwa walipata madhara machache zaidi ya macho, figo na neva kuliko wenzao wasiopasuliwa, na kuchelewesha figo kuharibika ni neema kubwa.

Wanaofaidika zaidi ni wale ambao hawajakaa na kisukari miaka mingi na hawajafika kuchomwa insulini, kwa sababu kongosho lao bado lina nguvu. Kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho halitengenezi insulini, ni habari nyingine: mwenye nacho hata akipungua vipi, insulini hataiacha.

Miongozo ya kimataifa ya 2016 ilipendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 40 kwenda juu, au 35 kwenda juu ikiwa sukari imekataa kutulia kwa dawa, na iliruhusu ufikiriwe kuanzia 30. Mama wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 90 ana BMI ya 35 hivi.

Kwa mtu wa pwani, kazi kubwa huja baada ya kurudi nyumbani. Tende, halua na chai ya sukari nyingi zikiingia tumbo jipya hukimbilia utumboni kwa pamoja: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, na saa moja au mbili baadaye sukari inaweza kushuka ghafla. Futari ya kawaida yetu haimfai, na kufunga Ramadhani ni jambo la kushauriana na daktari, hasa mwaka wa kwanza, kwa kuwa hawezi kunywa maji mengi kwa mkupuo. Bahati njema, samaki tunao, naye anahitaji protini mwanzo wa kila mlo, wali baadaye na kidogo. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu atavitumia maisha yote. Aliyetumia metfomini, dawa ya kisukari, muda mrefu aiangalie B12 zaidi, maana dawa hiyo nayo huipunguza. Mwanamke asubiri mwaka hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba mimba. Na anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asirudie kipimo cha zamani cha dawa kwa mazoea, kwani sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Operesheni hizi Kenya hufanywa zaidi Nairobi, kwa gharama ambayo wengi wetu hawaimudu. Kwa hiyo ni vyema kujua majaribio ya Uingereza yaliyotolewa mwaka 2017: watu wenye kisukari cha chini ya miaka 6, wasiotumia insulini, walipunguza chakula sana kwa miezi 3 hadi 5 wakisimamiwa na wauguzi na wataalamu wa lishe. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 walikuwa wametulia bila kisu. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika kila 100.