Ezekieli: angalia tarehe kwanza ndo uende kwenye mifupa mikavu

Nafundisha Agano la Kale na kwenye manabii wote Ezekieli ndo nampenda zaidi, ila inaniuma nikiona watu wanakimbilia sura ya 37 tu, yale maono ya bonde la mifupa mikavu inayopata uhai, wanaitabiria mifupa ya biashara zao, basi, kitabu kinafungwa. Jamani huyu mtu ameandika tarehe zaidi ya kumi humo ndani, mwaka mwezi na siku, zifuateni.

Alikuwa kuhani, mwana wa Buzi. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliibana Yerusalemu akamchukua mfalme wa Yuda, Yehoyakini, pamoja na wakubwa na mafundi, na Ezekieli naye akaenda, wakawekwa Tel-abibu kwenye mto Kebari, ambao kiukweli ni mfereji maeneo ya Nippur, Iraki ya leo. Hii sio hadithi tu, kuna vibao vya udongo vya Babeli vinavyotaja mgao wa mafuta aliokuwa anapewa huyo Yehoyakini na wanawe!

Mwaka wa 5 wa uhamisho, 593 KK, Mungu anamwita Ezekieli awe nabii. Sura ya 1 inataja mwaka wa 30 na wengi tunaona ni umri wake, umri ambao kuhani alitakiwa aanze kazi hekaluni, sasa yeye hekalu liko mbali huko na utukufu wa Mungu unamfuata Babeli, kwenye nchi ya wapagani.

Toka hapo ni hukumu mfululizo. Analala ubavu wa kushoto siku 390, wa kulia 40, chakula shekeli 20 kwa siku, kama robo kilo hivi, kuonyesha njaa ya mji uliozingirwa. Halafu sura ya 24, hapo huwa nanyamaza kidogo darasani, mke wake anakufa ghafla na anakatazwa kulia, eti awe ishara kwa watu watakaopoteza hekalu wasiweze hata kuomboleza. Ni nabii gani mwingine alidaiwa hivyo?

Sasa nenda sura ya 33 mstari wa 21, anafika mtu aliyeponyoka Yerusalemu anasema mji umepigwa. Kitabu kinageukia hapo. Baada ya hiyo habari ndo inakuja mchungaji mwema sura ya 34, moyo mpya 36, na mifupa 37, na ile mifupa Ezekieli hakuitoa hewani, soma mstari wa 11, ni watu wenyewe walikuwa wanasema mifupa yetu imekauka, tumaini limepotea, Mungu anawajibu kwa maneno yao wenyewe. Ni taifa zima lililokufa, ukiikata hapo unaipunguzia uzito.

Na tarehe ya mwisho kabisa imefichwa katikati, 29:17, mwaka wa 27, yaani 571 KK, Ezekieli anakiri wazi kwamba Nebukadreza alihangaika na Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, asipate ujira wake kule, kwa hiyo atapewa Misri. Angeweza kuiacha, maana sura ya 26 alishatabiri Nebukadreza ataibomoa Tiro. Kaiandika, na siku yake.