A ya 432 na hesabu za sayari

"Fundi, naomba kinanda ukishushe kiwe 432, maana 440 inapingana na sayari." Wanataka nota A, ambayo kwa kawaida hutyuniwa mitetemo 440 kwa sekunde, ishuke hadi 432. Mwezi huu hapa Mtwara nimeambiwa hivyo na walimu wa kwaya watatu. Wa tatu alikuwa ameshakishusha mwenyewe, gitaa la solo likabaki 440. Vikipiga A hiyohiyo pamoja, sauti inadunda mara 8 kila sekunde. Waimbaji wanahangaika, naye anasema ndiyo nguvu ya dunia!

Dhana: 432 ni sauti ya mzunguko wa dunia. Jamani, 432 ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde, na sekunde tumeigawa sisi watu. Tungeigawa siku kwa mafungu mengine, nota ileile ingepewa namba nyingine na sikio lisingetambua chochote.

Watetezi wake huchukua mzunguko wa mwaka mmoja, wakaupandisha oktavu 32 (kila oktavu ni kuzidisha mitetemo mara mbili), wakapata 136.1, ambayo ni C shapu ya kinanda chenye A ya 432. Haya, chukueni siku moja ya sekunde 86,400, mpandishe oktavu 24. Inatoka 194.18, nota ya G, nayo inadai A iwe karibu 436. Dunia ni ileile, majibu mawili! Ukijiruhusu kupandisha oktavu upendavyo, hata mzunguko wa pangaboi utakupa nota. Na ile mitetemo 7.83 ya Schumann, wanayoiita mapigo ya dunia na kuilazimisha iwe 8 ili igawe 432, ni mawimbi ya sumakuumeme yanayochochewa na radi. Si sauti.

Dhana: 440 ililetwa na Wanazi. Scheibler, Mjerumani aliyechunguza sauti, aliipendekeza Stuttgart mwaka 1834, kabla Wanazi hawajakuwepo. Mkutano wa London wa 1939 uliikubali tu.

Dhana: wazee walipiga 432. Ngoma ya sindimba huoteshwa moto mpaka mpigaji aridhike, na ngozi ikipoa sauti inashuka. Hata kwaya zetu za sol-fa, do, nota ya kwanza ya ngazi, inahama kila wimbo.

Kinachowaharibia ni joto. Hewa ikitoka nyuzi 20 hadi 30, filimbi ya kinanda cha mabomba iliyokuwa 440 hupanda karibu 447, huku nyuzi za gitaa zikilegea. Kwa hiyo tyunini gitaa kwa kinanda watu wakiwa wameshaingia kanisani, si asubuhi nyumbani, na mrudie tena kabla ya wimbo wa sadaka.