Akishakatwa mguu, mzee ataishi miaka mingapi?

Hili swali huwa naulizwa kwa korido, si ndani ya chumba, mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa ananivuta kando: "Daktari, tuambie tu ukweli, mzee atamaliza mwaka?" Hapa Kisumu wengi wanaamini ukikatwa mguu basi umeshaanza safari, na kuna wale wanakataa oparesheni mpaka kidonda kinaoza na sumu inaingia kwa damu, hiyo sasa ndo inamaliza mtu haraka kuliko kisu.

Mimi ni fiziotherapisti, hawa watu nawaona kabla na baada. Ukitoa wa ajali, wengi ni wagonjwa wa sukari, na tafiti za nchi nyingi zinaonyesha ukikatwa juu ya kifundo nusu ama zaidi huwa wameaga ndani ya miaka 5. Namba mbaya, sifichi. Lakini si kukosa mguu kunakoua. Mishipa ikiziba mguuni jua hata ya moyo na ubongo haiko salama, mguu ulikuwa tu wa kwanza kulalamika. Sasa familia inafanya harambee ya mguu bandia, inanunua magongo, kumbe dawa ya presha iliisha wiki mbili zimepita na hakuna mtu alijua.

Na ule mguu uliobaki jameni! Sukari inaua hisia kwa nyayo. Mzee mmoja wa upande wa Ahero alikuja kuangaliwa kigutu, nikamwambia baba vua na hicho kiatu, akanishangaa, ndani tukapata punje ya mahindi, ametembea nayo tangu asubuhi, imetoboa ngozi na yeye hajaskia kitu. Kwa hivyo kila jioni angalia nyayo na kioo ama mjukuu aangalie, hadi katikati ya vidole, kung'uta kiatu kabla uvae, maji ya kuoga pima na kiwiko, na sigara wacha kabisa.

Kuna kosa moja linafanywa kwa mapenzi, mama anaweka mto chini ya goti ndo mzee apumzike. Toa huo mto. Goti likizoea kukunjika litakauka hivyo na mguu bandia utawasumbua.

Vijana wa boda waliokatwa mguu kwa ajali ni stori ingine, moyo wao kawaida uko sawa, wanaweza ishi miaka mingi tu. Shida ni kilo. Mguu bandia, hasa ukikatwa juu ya goti, unakula nguvu sana, kijana anachoka, anakaa, ananenepa, presha inaingia mapema na hata soketi, ile sehemu ya mguu bandia kigutu kinaingia, haimtoshi. Na akisema vidole ambavyo havipo vinamchoma usimwambie amerogwa, ni neva, dawa ziko.

Yule wa kwa korido mimi humjibu na swali: sukari ya mzee leo asubuhi ilikuwa ngapi? Hapo ananyamaza, anatoa simu, anapigia mama yake.