Je, wajua kwa nini haidrenjia iliyonunuliwa ikiwa fupi huja kuziba njia?

Haidrenjia ya kwenye chungu, ile inayouzwa ikiwa na kimo cha sentimita 40 na vichwa vinne vitano vya maua, mara nyingi si fupi kwa asili yake. Imefupishwa. Wazalishaji wa maua ya chungu huinyunyizia dawa ya kudumaza, na inayotumika sana ni daminozaidi. Dawa hii huzuia mmea kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha seli za shina. Majani hutoka kama kawaida, ila nafasi kati ya jozi moja ya majani na nyingine hubana, na rangi ya kijani hukolea. Mmea unakuwa mnene, unasimama wima, na haukunjiki ukisafirishwa.

Ukiupanda ardhini, dawa huisha nguvu. Machipukizi mapya hurefuka kadiri ya asili ya mmea, na baada ya misimu michache kichaka kinaweza kufika mita moja na nusu kwenda juu na upana usiopungua huo. Kama ulikipanda kando ya mlango, mlango ndio unaoumia.

Dalili zipo, na unaweza kuziona ukiwa bado kwenye kitalu cha miche. Inama, ushike chipukizi linaloanzia chini karibu na udongo, lile ambalo halina ua, upime pingili zake, yaani nafasi kati ya jozi moja ya majani na nyingine. Kisha pima pingili za shina lenye ua. Kama za chipukizi jipya ni ndefu waziwazi, tuseme sentimita 7 au 8 dhidi ya 3 au 4, jua kwamba mmea umeanza kurudi kwenye kimo chake. Haidrenjia fupi ya asili huwa na pingili fupi kila mahali, kwenye shina la zamani na kwenye chipukizi la juzi.

Wengi hudhani mkasi utamaliza tatizo. Haumalizi. Haidrenjia inayoonekana zaidi kwenye bustani za nyanda za juu, Limuru, Kericho, Lushoto au Njombe, ni ile ya asili ya Japani, kitaalamu Hydrangea macrophylla. Hii huweka matumba ya maua kwenye ncha za mashina yaliyokua msimu uliotangulia. Matumba hayo hufanyika wakati wa ubaridi, joto likikaa chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki 6 hadi 8, na yakishafanyika hukaa nchani yakingoja. Ukikata ncha zote ili kichaka kirudi kimo unachotaka, umeyakata maua ya msimu ujao. Kichaka kitachipua majani mengi, kitarefuka tena, na maua hutayaona. Ndiyo maana ufupi unachaguliwa siku ya kununua. (Hitaji hilo la ubaridi ndilo pia linaloifanya haidrenjia ya Mombasa au Dar es Salaam kubaki majani matupu: usiku wa pwani hauna ubaridi wa kutosha.)

Sasa, utachaguaje? Njia ya kuaminika kuliko zote haihitaji hata lebo. Haidrenjia nyingi katika Afrika Mashariki hupitishwa kutoka bustani hadi bustani kwa vipandikizi, na kipandikizi hurithi tabia yote ya mama yake. Kwa hiyo nenda ukampime mama. Tafuta kichaka chenye umri wa miaka mitano au zaidi ambacho hakikatwikatwi, upime kimo na upana. Kikiwa ndani ya sentimita 90 na kinatoa maua, omba kipandikizi. Chukua chipukizi lisilo na ua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ulikate chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapoota. Bakiza jozi moja ya majani juu, na kila jani likate nusu ili maji yasipotee haraka. Lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mahali penye kivuli na unyevu. Mizizi hutoka ndani ya wiki 3 hadi 5. Kinachoua vipandikizi vingi ni jua la moja kwa moja, au udongo uliolowa hadi shina likaoza.

Ukinunua, nunua jina. Mche ulioandikwa "haidrenjia ya bluu" tu haukuambii lolote kuhusu ukubwa. Katika kundi la macrophylla, 'Pia' hukaa kati ya sentimita 60 na 90, na zile za mfululizo wa Cityline kutoka Ujerumani ziko humo humo. Kwa wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini, kwenye baridi kali inayounguza matumba ya macrophylla, haidrenjia ya jamii nyingine, paniculata, hufaa zaidi kwa sababu hutoa maua kwenye machipukizi ya mwaka huo huo. Katika jamii hiyo, 'Bobo', iliyotoka Ubelgiji, haizidi sana sentimita 90. 'Little Lime' nayo isikuhadae: ni ndogo ikilinganishwa na 'Limelight', ambayo hupita mita mbili, lakini yenyewe inaweza kufika mita moja na nusu.

Kisha angalia upana kabla ya kimo. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika, kwa kuwa haidrenjia fupi nyingi ni pana kuliko zilivyo ndefu. 'Munchkin', yenye majani yanayofanana na ya mwaloni, iliyotolewa na bustani ya taifa ya miti ya Marekani mwaka 2010, ilipimwa ikiwa na miaka tisa: kimo kama sentimita 90, upana kama 135. Kwenye nafasi ya mita moja, huyo hatoshi.

Chukua mfano wa ukanda wa sentimita 120 kati ya ukuta na njia. Mche wa upana wa sentimita 90 upandwe katikati kabisa, sentimita 60 kutoka ukutani. Ukikua utabakiza sentimita 15 kila upande: hewa itapita nyuma, majani hayatashika ukungu mweupe, na nguo za mpita njia hazitalowa. Ukiusogeza ukutani, upande wa nyuma utakosa mwanga na kichaka chote kitainamia njiani.

Ukuta unaofaa ni unaotazama mashariki, wenye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita mchana. Shimo liwe na upana mara mbili ya donge la mizizi na kina kilekile cha donge, kwa sababu shina likifukiwa huoza. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Maji ni kama sentimita 2.5 kwa wiki. Kwa kichaka cha upana wa sentimita 90 hiyo ni takribani lita 16, ndoo ya lita 20 isiyojaa, igawanye mara mbili. Majani yakilegea mchana usikimbilie ndoo: chomeka kidole sentimita 5, na kama udongo una unyevu ngoja jioni, yatasimama yenyewe. Kumwagilia kila yanapolegea ndiko kunakoozesha mizizi.

Ukuta wa saruji una jambo lake jingine. Chokaa hutoka humo na kupunguza asidi ya udongo, na haidrenjia ya bluu hugeuka waridi kwa sababu haiwezi tena kufyonza aluminiamu. Bluu inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) ya 5 hadi 5.5, ndiyo maana hupatikana bila juhudi kwenye udongo wa maeneo ya chai. Kwenye udongo mwingine, yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha salfeti ya aluminiamu katika lita 4 za maji, umwagie mmea uliokwisha kushika, udongo ukiwa na unyevu tayari. Ukizidisha, mizizi huungua. Nyeupe haigeuki rangi kwa dawa hiyo.

Mkasi ubaki na kazi ndogo. Maua yakikauka, kata kichwa hadi kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, mapema kabla ubaridi haujaanza. Kuanzia mwaka wa nne, ondoa kila mwaka mashina mawili au matatu yaliyozeeka zaidi, chini kabisa, usiguse ncha za yaliyobaki. Vipande usiwatupie mbuzi wala kuviacha mbwa anapochezea, kwani majani na matumba ya haidrenjia yana sumu.